Kisanduku cha Ndiyo

Fomu ya bima huja Novemba,
miti ya uani ikiwa imebaki mbavu.
Kurasa tisa, na wa sita ni wangu:
Mwenzi wa Mfanyakazi.
Jina: Oletha Tackett. Miaka: hamsini na miwili.
Kisukari: hapana.
Shinikizo la damu: hutegemea nimepimwa kabla ya habari au baada.
Halafu swali lile, fupi kama kikohozi:
Je, umetumia tumbaku katika miezi sita iliyopita?

Ndiyo. Hapana.
Visanduku viwili, hata punje ya mahindi haitoshi ndani,
na kimoja kina bei.
Dola sitini kwa mwezi.
Nimezipiga hesabu nyuma ya bahasha ya umeme:
mia saba na ishirini kwa mwaka,
matairi ya mbele ya gari la Verlin,
na jino langu la gego
linalonifanya nitafunie upande mmoja tangu Pasaka.

Mwaka jana niliandika Hapana.
Hapana ile niliivuta nyuma ya mashine ya kukaushia nguo,
nikipulizia kwenye bomba lake
moshi utoke nje pamoja na joto la mashuka.
Tuliacha siku moja, mimi na Verlin,
siku daktari alipotuonyesha picha ya mapafu ya mama yake.
Tulivunja pakiti mbili juu ya sinki,
tukashikana mikono kama watu wanaobatizwa.
Nilidumu siku kumi na nne.

Na nyumba hii ilijengwa na tumbaku.
Baba mkwe alilima jani pana kwenye ule mteremko,
akalitundika ghalani kila Septemba
mpaka likawa rangi ya asali iliyoungua.
Mnada mmoja uliezeka paa hili,
mwingine ulimpeleka Verlin shule na viatu vipya.
Leo Kentucky yote inajua kupanda,
na jani lile lile linarudi mlangoni kudai chenji.

Kampuni ya bima haina pua.
Imeniomba mimi niwe pua yake.

Nikatia alama Ndiyo.
Labda ni kwa sababu ya kikohozi changu cha alfajiri,
nilichokifundisha kutembea na soksi.
Labda nilichoka tu kufua mashuka masafi.

Ijumaa ya kwanza ya Januari
Verlin aliingia na theluji mabegani,
akaweka karatasi ya mshahara kati ya chumvi na maharagwe,
imekunjwa mara nne.
Niliifungua nikitafuta sitini.
Nikakuta mia na ishirini.
Wamekosea, nikasema, nikanyoosha mkono kwenye simu.
"Usipige."
Mistari ilikuwa miwili:
Tumbaku, mwenzi.
Tumbaku, mfanyakazi.

Siri ya mtungi aijuaye kata;
nasi tulikuwa mitungi miwili kwenye rafu moja,
kila mmoja ukificha kata yake.

"Wapi?" nikamuuliza.
"Garini. Maegesho ya kiwanda.
Dirisha wazi, hata kukiwa na barafu. Wewe?"
Nikamwonyesha kwa kidevu chumba cha kufulia.
Akavuta kola ya shati lake, akainusa,
amechelewa miaka mitatu.
Tulicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi,
na kikohozi kikakataa kugeuka tena.
Yeye kwanza, kisha mimi, kisha yeye,
kama mbwa wa mashamba mawili wanavyoitikiana usiku.

Chini ya fomu kuna maandishi madogo
ambayo sikuwahi kuvaa miwani kuyasoma:
ukimaliza darasa la kuacha, sitini zinaondolewa.
Wiki nane, Jumanne jioni,
chini ya kanisa la Wamethodisti, kahawa ipo.
"Nauliza," akasema Verlin, akijifuta macho,
"wanandoa wanakaa meza moja, au wanatenganishwa?"
Sikumjibu.
Nilikuwa nahesabu matairi, sasa yote manne,
na jino.